Kila Nomino na Mume Wake

Mzee Kitwana Shomvi hakuwa na meno ya upande wa kushoto. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na baiskeli, wala hakuwa na mpwa aliyefanya kazi wizarani. Hakuwa na miwani yake mwenyewe. Aliyovaa ilikuwa ya jirani aliyefariki, nayo ilimwonyesha dunia kama marehemu alivyokuwa akiiona, yaani imeinama kidogo. Hakuwa na saa, hakuwa na hati ya kiwanja, hakuwa na mtoto aliyebaki nyumbani. Hakuwa na maji. Tena hakuwa na kijineno kimoja cha Kiingereza chenye herufi tatu, na ingawa mwenyewe hakujua kwamba kimempungukia, ni kwa kukosa kijineno hicho ndipo akakosa maji.

Alivyokuwa navyo havikuwa vingi, lakini alivitunza. Alikuwa na kalamu ya wino. Alikuwa na cheti cha Kiingereza, Hatua ya Pili, alichokipata katika madarasa ya jioni ya watu wazima akiwa na miaka hamsini na minne, nacho alikitia kwenye fremu ya kioo akakitundika juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Na alikuwa na mkewe, Bi. Mwanamvua binti Sudi, ambaye alimwita Bwana Cheti kila alipotaka kumchokoza, na alitaka mara nyingi.

Nchi waliyoishi ilikuwa nzuri na yenye amani. Jina lake halitajwi hapa, si kwa hofu, la hasha, bali kwa sababu wataalamu wa serikali bado hawajakubaliana litanguliwe na kijineno gani, na kulitaja vibaya ni kosa.

Katika nchi hiyo watu wote walizungumza lugha moja, waziri na mchunga mbuzi, wakaelewana bila shida. Serikali iliona hatari iliyomo humo. Mtu akieleweka upesi ataomba upesi, na akiomba upesi itabidi apewe. Ndipo ikatungwa Sheria ya Ufasaha: lolote ambalo mwananchi analihitaji kwa serikali, sharti aliandike kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja.

Wananchi waliipokea sheria hiyo kwa vifijo. Walikuwa wameagizwa walete vifijo.

*

Kata ya Mtitimo ilichimbiwa kisima na kuwekewa bomba la mkono, hatua thelathini kutoka mlangoni kwa Mzee Kitwana. Waziri wa Maji na Ufasaha alikuja mwenyewe kulizindua. Alisukuma mpini mara tatu, maji yakatoka meupe kama maziwa, akanawa mikono, akajipangusa kwa taulo lenye rangi za bendera. Kisha akalifunga bomba kwa kufuli kubwa kama dafu, akautia ufunguo mfukoni.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Maji haya ni yenu. Hakuna mtu mwingine, nasema hakuna, mwenye haki nayo. Lakini maendeleo hayanywewi hivi hivi kama uji wa msibani. Maendeleo huombwa! Leteni barua moja, moja tu, fasaha, na siku hiyohiyo mtakabidhiwa ufunguo."

Watu wote wakageuka kumtazama Mzee Kitwana. Yeye akarekebisha miwani ya marehemu, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayekubali kuvishwa taji.

Kazi haikuwa ya mzaha. Mtitimo ilikuwa ikichota maji kwenye lambo la ng'ombe, mwendo wa saa mbili kwenda na saa tatu kurudi kwa sababu ya mzigo. Ng'ombe walikunywa humo, wakasimama humo, wakafanya na mengine humo. Bi. Mwanamvua alikuwa ameshaugua homa ya matumbo mara mbili, na Teckla, muuguzi wa zahanati, alimvuta Mzee Kitwana pembeni akamwambia wazi.

"Babu, matumbo ya bibi yamekwisha kwa yale maji. Hii ya pili amepona kwa kudra. Ya tatu mimi sina dawa yake."

"Hakutakuwa na ya tatu, binti yangu," Mzee akajibu. "Barua naiandika kesho."

Njiani akakutana na Msuba, fundi baiskeli, aliyekuwa amechuchumaa mbele ya bomba akilikagua lile kufuli kama daktari anayekagua jipu.

"Mzee, mimi nina msumeno wa chuma," Msuba akasema bila kuinua kichwa. "Dakika tano tu."

"Sisi si wezi, Msuba."

"Kwani Waziri si kasema ni yetu?"

"Ni yetu tukiomba. Tusipoomba ni wizi. Mtu aliyesoma hasukumwi na kiu kama mbuzi."

Msuba akalitazama kufuli mara ya mwisho kwa huruma, akaenda kuziba pancha.

*

Ili kisa hiki kieleweke, lazima kisemwe kitu kuhusu ukurasa wa tisa.

Ukurasa wa tisa wa kitabu cha madarasa ya jioni ulisema hivi: *ya* maana yake ni *of*. Basi. Mzee Kitwana aliushika ukurasa huo kama wengine wanavyoshika msahafu. Katika lugha ya nyumbani kijineno hicho ni kimoja kwa kila kitu: ombi la maji, haja ya maji, jibu la swali, dawa ya tumbo. Mara *la*, mara *ya*, mara *cha*, lakini ni yuleyule, anabadili kanzu kulingana na nyumba anayoingia. Kwa hiyo juu ya karatasi safi, kwa mwandiko ambao mwalimu wake aliwahi kuupitisha darasa zima, Mzee aliandika kichwa cha barua, akakipigia mstari kwa rula:

*REQUEST OF WATER.*

Alimsomea mkewe. Watu wa Mtitimo kijineno hicho cha katikati, *of*, walikitamka "ovu", na Bi. Mwanamvua alikunja uso.

"Mbona unayatukana maji?"

"Si tusi. Ni *ya*."

"Linasikika baya."

"Kwa asiyesoma," akasema Bwana Cheti, akaifunga barua.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Watu walikusanyika, na Mzee akalitafsiri kwa sauti huku ikizidi kupungua. Idara ya Vijineno Vifuatavyo Nomino ilishukuru kupokea ombi lililoletwa na Maji. Kwa kuwa barua imeandika *request of water*, yaani mwombaji ni Maji mwenyewe, basi Maji anatakiwa kufika ofisini Alhamisi saa tatu asubuhi, akiwa na kitambulisho.

Msuba ndiye aliyeuliza kwanza.

"Avae suti au kanzu?"

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Bi. Mwanamvua hakucheka. Alikwenda jikoni, akatoka na dumu la lita tano alilolijaza jana yake kule lamboni, akaliweka miguuni pa mumewe.

"Wamemwita," akasema. "Mpeleke."

*

Mapokezi ya Idara yalikuwa na benchi, feni isiyozunguka, na Bi. Stamili, mwanamke mpole aliyeandikisha wageni kwa miaka kumi na tisa bila kumwona hata mmoja akitoka na alichokifuata.

"Jina la mgeni?"

"Maji," akasema Mzee Kitwana.

Bi. Stamili akaandika. "Jina la baba?"

"Lambo."

"Kazi yake?"

Mzee akafikiri. "Anasubiriwa."

"Aweke sahihi hapa."

Dumu likainamishwa juu ya daftari. Tone moja likadondoka, likaenea, likafuta majina ya wageni wanne wa juu, ambao inasemekana mpaka leo serikali haina habari kwamba walizaliwa. Bi. Stamili alilifunga dumu kitambulisho cha mgeni shingoni, akawaelekeza wote wawili kwenye benchi. Walikaa saa nne.

Mkurugenzi wa Idara aliitwa Bwana Tafsida. Alikuwa kijana mwenye tai, na mezani kwake palikuwa na chupa ya maji yaliyotoka kwenye friji, yenye matone yanayoteremka taratibu. Mzee Kitwana alisubiri shikamoo, maana kijana alikuwa sawa na kitinda mimba wake. Haikuja. Bwana Tafsida alikuwa akichungulia ndani ya dumu.

"Huyu mbona mchafu?"

"Kwetu ndivyo alivyo, bwana."

"Keti, mzee wangu. Nikufunze kitu ambacho hukufunzwa jandoni." Bwana Tafsida akaweka kiganja juu ya kitabu kinene kama tofali. "Nomino ya Kiingereza ni mke wa mtu. Umesikia? Kila nomino ina mume wake, na ndoa zote zimeandikwa humu. Neno *request* ni mke wa *for*. Neno *answer* ni mke wa *to*. Neno *increase* ni mke wa *in*. Sasa wewe, mtu mzima, mwenye mvi, umemchukua mke wa *for* ukamlaza na *of*, ukawapigia mstari kwa rula, ukaitumia serikali ione."

Mzee Kitwana alihisi uso wake ukiwaka moto. Aliangalia viatu vyake. Katika maisha yake hajawahi kutuhumiwa kwa ugoni, na mara ya kwanza imekuwa kwa jambo la herufi mbili.

"Nani aliwaoza hivyo, bwana? Kuna sababu yake?"

"Hakuna sababu. Ingekuwepo sababu kila mtu angeijua, na Idara ingefungwa."

"Na huyu *of*, yeye hana mke?"

"Anao," akasema Bwana Tafsida, akanywa fundo la maji. "Siku ukiwahitaji utawafahamu."

"Basi bwana, kalamu ninayo hapa. Nisahihishie neno hilo moja, niondoke na ufunguo. Mke wangu ni mgonjwa."

Bwana Tafsida alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Mzee wangu, Idara haisahihishi. Idara hukataa. Kusahihisha ni kazi ya idara nyingine, ambayo haijaundwa."

Mzee akainuka, akanyoosha mkono kuchukua dumu. Bwana Tafsida akaliwahi.

"Huyu anabaki. Ombi lake bado liko mezani."

Alipofika nyumbani, Bi. Mwanamvua hakuuliza habari za ufunguo. Alizisoma usoni mwake. Aliuliza jambo moja tu.

"Na dumu langu?"

*

Barua ya pili Mzee Kitwana aliiandika kama mtu anayepita makaburini. Kijineno *of* alikifukuza kabisa. Alichungulia kila sentensi kuona kama hakijajificha. Lakini *for* alikuwa na mke mmoja tu anayejulikana, na Mzee aliona haya kumzidishia. Akakumbuka kwamba *to* naye ni mume halali, tena mpole. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba Mtitimo wana *NEED TO WATER*.

Safari hii jibu lilikuja ndani ya wiki mbili, tena pamoja na kifurushi. Watu walikimbia kuliko mara ya kwanza. Mzee akasoma. Idara iliwapongeza wananchi wa Mtitimo kwa haja yao ya kumwagilia, kwani ndivyo barua yao inavyosomeka, na ikafurahi kuwapelekea pakiti mbili za mbegu za waridi. Zimwagiliwe asubuhi na jioni. Mkaguzi atapita, na ua litakalokutwa limenyauka litahesabiwa kuwa dharau kwa Mheshimiwa Waziri.

Bi. Mwanamvua alizichukua zile pakiti, akatazama picha ya ua jekundu, akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta. "Niyamwagilie kwa mate, Bwana Cheti?" Akacheka tena, kisha kicheko kikageuka kikohozi, kisha akakaa chini polepole, mkono tumboni.

Mzee alimgusa paji la uso. Akaondoa mkono haraka, kama aliyeshika sufuria.

"Umekunywa ya lambo?"

"Ulitaka ninywe ya nani?"

Jioni hiyo alimwekea uji, akaketi ukingoni mwa kitanda, chini ya cheti.

"Kitwana," akasema mkewe. Alipomwita kwa jina lake, hakuwa na mzaha. "Mwache Msuba akate."

"Nikimwacha akate, hiki kilikuwa cha nini?" Akaonyesha juu. "Miaka mitatu, Mwanamvua. Uliwachotea maji wafyatua matofali mchana kutwa ili mimi nikae darasani."

"Ndiyo. Nilichota maji ili usome." Akafumba macho. "Soma basi, yatoke."

*

Kabla hajasoma vya kutosha, serikali ilikuja yenyewe. Magari matatu, hema jeupe, na bango: *Semina Elekezi ya Vijineno kwa Wananchi Wenye Kiu.* Hema lilisimikwa kando ya bomba kwa sababu hapo palikuwa na kivuli cha bomba. Meza kuu ilipangwa chupa za maji, mbili kwa kila mheshimiwa, moja ya kunywa na moja ya kuwekwa mbele.

Bwana Tafsida alihutubia saa mbili. Alisema kiu ni jambo la kawaida, hata nchi zilizoendelea zilipitia kiu. Alisema anayekunywa maji aliyoyaomba vibaya hayamtulii tumboni. Alisema taifa lisilojua *interest* ni mke wa nani haliwezi kuwa na maslahi. Watu walikaa juani na ndoo zao tupu, wengine wamezivaa kichwani kama kofia.

Bi. Mwanamvua alisimama. Teckla alimshika mkono wa kushoto, kwa kuwa homa ilikuwa ikimyumbisha.

"Tunataka maji," akasema.

Bwana Tafsida akatabasamu. "Mama yangu, mimi nimekuelewa vizuri sana. Lakini serikali haijakusikia."

"Ukinielewa wewe, serikali ni nani?"

Kicheko kilipita hemani, hata mheshimiwa mmoja wa meza kuu akacheka, kisha akakumbuka akakohoa. Bwana Tafsida akafungua daftari. "Swali zuri. Liletwe kwa maandishi."

Hapo Mzee Kitwana akapiga hatua mbele. "Bwana, sitaki ufunguo leo. Chupa moja tu. Mke wangu anaungua. Hiyo moja iliyowekwa mbele, ambayo hainywewi."

"Yaani una *request*," akasema Bwana Tafsida, akainua kidole kuwaita watu wote wasikilize. "Una *request*... nini?"

Mzee alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"*For*," akasema.

Makofi! Meza kuu ilisimama. Bwana Tafsida alimkumbatia, mpiga picha akapiga picha, na Mzee Kitwana akavishwa fulana nyeupe iliyoandikwa *FOR* kifuani kwa herufi nyekundu. Kwa muda mfupi sana, na Mungu atamsamehe, alijiona mshindi. Alipogeuka, chupa zilikuwa zimeshapakiwa garini.

Fulana ile ilikuwa ya pamba nzito. Bi. Mwanamvua aliitumia kuchujia maji ya lambo, akasema inashika matope kuliko kanga. Teckla alisema kinachoua hakishikwi na fulana.

*

Barua ya tatu ilikuwa nzuri. Hata leo, wanaojua wanasema ilikuwa nzuri. Aliomba kitabu kinene cha ndoa kwa mwalimu wa shule ya mbali, akatembea siku moja kukifuata na siku moja kukirudisha, kwa kuwa alipewa usiku mmoja tu. *Request for* ilikuwepo. *Need for* ilikuwepo. *Solution to* ilikuwepo, na *access to*, na nyingine ambazo hata Bwana Tafsida angezivulia kofia. Na kwa kuwa *for* ndiye aliyepigiwa makofi, palipobaki na shaka Mzee alimwandika yeye.

Jibu lilikuwa mstari mmoja. *Katika barua yako kuna ndoa moja iliyovunjwa. Itafute.*

Siku hiyo Bi. Mwanamvua hakuweza tena kuinuka. Zahanati ilikuwa imefungwa, kwa sababu zahanati isiyo na maji ni chumba tu, hivyo Teckla alikuja nyumbani na vidonge vinne vilivyobaki. Msuba alisimama mlangoni, msumeno umefungwa kwa gazeti chini ya kwapa. Mzee Kitwana alimwona. Akarudisha macho kwenye barua.

Alikaa ukingoni mwa kitanda siku tatu, kidole kikipita neno kwa neno. Alimlisha uji, akasoma. Alimpepea, akasoma. Ilikuwa ndoa moja tu. Moja! Mtu aliyesoma hawezi kushindwa na ndoa moja.

"Umelipata?" mkewe akauliza siku ya tatu, mchana. Sauti ilikuwa imekauka kama ganda la mhindi.

"Bado kidogo."

"Tazama chini ya kitanda." Midomo yake ilijaribu kucheka. "Kidogo hivyo, huenda kimeanguka."

Na Mzee Kitwana, ambaye hakuwa mjinga, aliinama. Hakujua kwa nini. Aliinama akatazama chini ya kitanda, akaona ndara za mkewe za kwendea lambo, zimekaa sambamba. Alipoinuka, Bi. Mwanamvua hakuwa anasubiri jibu lolote tena.

*

Mwoshaji wa Mtitimo alikuwa Bi. Rehani, mwanamke mkavu wa maneno. Aliingia, akatandika, akaweka kafuri na udi, akatazama huku na huku.

"Maji ya kumwosha yako wapi?"

Mtu akasogeza ndoo ya lambo. Bi. Rehani aliinusa, akairudisha kwa mguu.

"Simwoshi kwa kilichomuua."

Maalimu alisema kwa sauti ndogo kwamba dini ina huruma, maji yakikosekana maiti hutayamamishwa kwa udongo. Wanawake wakaanza kulia upya. Mzee Kitwana alikuwa ameketi kwenye kigoda, barua ya tatu bado mkononi. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akainuka.

"Msuba."

"Naam, mzee."

"Ulisema dakika tano?"

"Nilisema hivyo," akajibu Msuba, akifungua gazeti. "Lakini nimelitazama vizuri. Ni bati tupu. Tatu."

Zilikuwa mbili. Kufuli kubwa kama dafu lilianguka mavumbini kwa sauti ya kopo. Mzee Kitwana alimzuia kila mtu, akaushika mpini mwenyewe. Alisukuma, bomba likakohoa. Alisukuma, likatema kutu. Alisukuma mara ya tatu, maji yakatoka meupe kama maziwa, na watoto wakapiga kelele ya furaha, wakazibwa midomo na mama zao kwa sababu ya msiba. Alijaza ndoo mbili. Alizibeba mwenyewe, moja moja, hatua thelathini mpaka mlangoni pa mkewe.

*

Kesho yake asubuhi, akiwa raia mwema na mtu mwenye cheti, aliketi kuiandikia serikali, kwani tukio limetokea na bomba limevunjwa, na mambo kama hayo hayaachwi bila taarifa. Hakufungua kitabu. Hakupiga mstari kwa rula. Aliandika mfululizo, kama mtu anayezungumza:

*Death of Mwanamvua binti Sudi. Cause of death: lack of water. I also report the theft of water, two buckets, by me.*

Yaani kifo cha Mwanamvua binti Sudi. Sababu ya kifo, ukosefu wa maji. Na wizi wa maji, ndoo mbili, mwizi ni mimi.

Akasoma alichoandika, kidole kikipita neno kwa neno kwa mazoea. *Death*, kisha ovu. *Cause*, kisha ovu. *Lack*, kisha ovu. Kidole kikasimama hapo. Akatoa mfukoni barua ya tatu, akaikunjua, akaona mahali alipokuwa ameandika *lack for water*. Ilikuwa pale. Siku tatu ameipita.

*Theft*, kisha ovu.

Ukurasa wa tisa haukuwa umekosea, basi. Ulikuwa ukisubiri barua yake. Wote wanne walikuwa wake halali wa yule aliyemfukuza, na wamefika bila kuitwa. Hapakuwa na kosa hata moja. Bwana Tafsida angepekua kitabu chake chote asipate la kukataa, na kwa mujibu wa Sheria ya Ufasaha, ufunguo ungetolewa siku hiyohiyo.

Nje, tarishi wa posta alipiga kengele ya baiskeli. Mzee Kitwana aliitia barua ndani ya bahasha, akaupeleka ukingo wenye gundi kwenye ulimi. Ulimi ulikuwa mkavu, gundi haikushika. Akajaribu tena. Kisha akasogeza ndoo iliyobakiwa na maji kidogo baada ya kuosha, akachovya kidole, akakipitisha kwenye ukingo wa bahasha kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika. Akatoka nje, akampa tarishi.